Kutoka Uwanja wa Nyerere hadi Kariakoo: jibu kwa msomaji wa Ujiji

Swali: Shikamoo. Mimi ni mkazi wa Ujiji. Mwezi ujao nitasafiri kwa ndege na mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, kwenda kliniki ya moyo Muhimbili. Dar es Salaam nimefika mara mbili, zote kwa treni, na ndege hatujawahi kupanda, si mama wala mimi. Tiketi inaonyesha kwamba tutafika saa 15:10. Tutalala kwa mjomba, Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu. Naomba unieleze njia nzuri ya kutoka uwanja wa ndege hadi mjini bila kutapeliwa na bila kumchosha mama, na pia kama treni mpya ya umeme inafika uwanjani.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwa miaka 17 niliyokata tiketi za ndege hapa Mwanga, Kigoma, swali hili nimeletewa dirishani na watu wengi, lakini wengi wao waliniletea baada ya safari, wakiwa na malalamiko. Wewe umeuliza mapema, na kwa jambo hili kuuliza mapema ni nusu ya safari, kwa sababu karibu kila kitakachowasaidia pale uwanjani kinapaswa kuandaliwa mkiwa bado Kigoma.

Aliyezoea kwenda Dar es Salaam kwa reli ya kati hupatwa na mshangao wa aina moja. Treni, pamoja na uchovu wake wote, ilikuwa ikimshusha Stesheni, karibu na Mnara wa Saa, na akitoka mlangoni alikuwa amekwisha kufika mjini. Ndege humfikisha kwa saa chache, lakini humwacha Kipawa, uliko uwanja wa ndege, takriban kilomita 12 kutoka Posta, katikati ya jiji, mahali ambapo safari ya pili huanza akiwa amechoka, ameshika mizigo, na amezungukwa na watu wanaojua kwamba ni mgeni. Hapa kwetu Kigoma anayeshuka uwanja wa ndege wa Katubuka hupanda bajaji, na kabla hajamaliza kuulizana hali na dereva yuko Mwanga. Kilomita 12 za Barabara ya Nyerere usizipime kwa kipimo hicho. Alfajiri nimewahi kuzimaliza kwa dakika 20, na siku nyingine, saa mbili asubuhi, nilikaa katika barabara hiyohiyo muda wa kutosha kusoma gazeti zima, pamoja na matangazo ya vifo.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuangalia ni saa, hata kabla ya bei. Saa 15:10 iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa tisa na dakika kumi alasiri, na ninaieleza hivi kwa sababu wapo waliosoma 15 wakamwambia mwenyeji wao saa tano. Ongeza nusu saa ya kushuka na kusubiri mizigo, na zaidi kidogo kwa ajili ya mama, mtakuwa mlangoni karibu na saa kumi kasorobo. Saa hiyo inawafaa. Asubuhi barabara hiyo hujaa watu wanaoingia mjini kutoka Gongo la Mboto, Ukonga na Pugu, na jioni watu haohao hurudi makwao, kwa hiyo ninyi mtakuwa mnaelekea mjini wakati wengine wanaanza kutoka. Msikae sana uwanjani kupumzika au kula, maana kuanzia saa kumi na moja makutano ya Tazara, Veta na Kamata huwa na magari ya kila upande, na Kariakoo yenyewe saa hizo haina nafasi ya gari kugeuka.

Jambo la pili ni jina la mahali. Usimwambie dereva yeyote kwamba mnakwenda "mjini", kwa sababu katika Dar es Salaam neno hilo lina maana zaidi ya moja, na kila maana ina bei yake. Kwa mfanyakazi wa ofisini mjini ni Posta, kwa mfanyabiashara ni Kariakoo, kwa anayevuka kwenda Zanzibar ni bandarini Kivukoni, na kwa mgonjwa ni Upanga. Sema "Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu", kisha taja alama ambayo mjomba amekupa: msikiti, duka, hoteli au kona ya mtaa mwingine. Mitaa ya Kariakoo imepangwa vizuri kama mistari ya daftari, lakini wachuuzi, mikokoteni na magari yanayopakua mizigo huifanya mingine isipitike mchana. Muulize mjomba gari liingilie upande gani. Mimi hupendelea upande wa Lumumba na Mnazi Mmoja kuliko kupenya kutoka Msimbazi, ingawa anayeishi pale anajua zaidi yangu.

Hapo hapo, chukua karatasi ya rufaa ya mama uisome tena usiku wa leo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina sehemu mbili, moja Upanga na nyingine Mloganzila, iliyofunguliwa mwaka 2017 upande wa Kibamba, zaidi ya kilomita 20 kutoka Posta kwa njia ya Barabara ya Morogoro. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Upanga, ndani ya eneo la Muhimbili, na kutoka Kariakoo ni mwendo mfupi wa gari, kwa hiyo kama miadi yenu ni ya hapo, nyumba ya mjomba iko mahali pazuri mno. Ikiwa karatasi inasema Mloganzila, mpango wote wa kulala Kariakoo unafaa kufikiriwa upya, kwa sababu gari la kutoka uwanjani kwenda huko halina haja ya kuingia mjini kabisa: likifika Tazara hushika Barabara ya Mandela, hupita Buguruni hadi Ubungo, kisha hufuata Barabara ya Morogoro. Nimeona familia iliyotua saa nane mchana, ikaenda Kariakoo, na alfajiri ikatoka tena kwenda Kibamba, wakati walikuwa na shangazi anayeishi Mbezi.

Sasa nije kwenye usafiri wenyewe, na nianze na treni kwa kuwa umeiuliza. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 na ikafika Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo. Haina kituo uwanjani. Vituo vyake vya upande huo ni kile kikubwa cha mjini, na kinachofuata ni Pugu, ambacho kwa anayetoka uwanja wa ndege kiko upande wa kinyume na mji, kwa hiyo kwa safari yenu haina msaada wowote. Itakuwa habari nyingine kipande cha kutoka Tabora hadi Kigoma kitakapokamilika, kile ambacho mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, maana hapo pengine hamtahitaji ndege.

Kuhusu mabasi ya mwendokasi, katikati ya Barabara ya Nyerere mtaona njia pana za zege. Hizo ni za awamu ya tatu, iliyopangwa kuunganisha katikati ya jiji na Gongo la Mboto, na kwa ramani zinapita mbele ya uwanja. Msiziweke katika hesabu ya siku hiyo. Hata pale ambapo mabasi hayo yanafanya kazi vizuri, kuyapanda ukiwa na mgonjwa wa moyo na mabegi ni kumtafutia mama taabu ambayo hakuiomba.

Daladala zipo, na siwezi kuzidharau kwa sababu mimi mwenyewe nikisafiri peke yangu na begi la mgongoni huzipanda. Hutoka Gongo la Mboto kwenda Kariakoo na mjini, hupita barabarani nje ya uwanja, na noti ya shilingi elfu moja humtosha abiria mmoja. Kasoro yake ni kwamba hazianzii hapo. Zinapofika zimekwisha kujaa, konda anapiga mabati kwa kiganja akiita, na mtu husimama akishika bomba kuanzia Kipawa hadi Kamata. Isitoshe, kutoka jengo la abiria hadi barabarani ni mwendo wa miguu juani, kisha kuna kuuliza upande wa magari ya mjini. Kwa kijana ni sawa, lakini kwa mama wa miaka 71 anayekwenda kliniki ya moyo, hapana, hata kama atakuambia yeye mwenyewe kwamba ana nguvu. Akina mama wa Ujiji wote wana nguvu mpaka wafike nyumbani.

Bajaji na bodaboda nazipita haraka: boda hazifai kwa sababu ambazo huhitaji kuelezwa, na bajaji itawamwagia moshi wa malori ya Barabara ya Nyerere usoni kwa njia nzima.

Kilichobaki ni gari dogo, na hapa ndipo pana mambo ya kuangalia kwa makini. Gari dogo hupatikana kwa namna tatu. Ya kwanza ni teksi za pale uwanjani, ambazo zipo saa zote na hazihitaji simu yenye intaneti, lakini bei yake hutajwa kwa kukutazama viatu, huwa ya makumi ya maelfu ya shilingi, na ile ya kwanza kutajwa haiwi ya mwisho. Ya pili ni magari yanayoitwa kwa simu kupitia programu kama Bolt au inDrive, ambayo kwa kawaida huwa nafuu kuliko teksi za uwanjani na huonyesha bei kabla hujapanda. Ya tatu ni mwenyeji wenu kuja kuwachukua, ama kwa gari la jamaa, ama kwa dereva anayemjua.

Kwenu ninyi ninachagua ya tatu, na ikishindikana, ya pili, lakini ikiitwa na mjomba au mwanawe kutoka huko aliko. Sababu ni hii. Mtu anayetua kwa mara ya kwanza, mama akiwa pembeni, chaji ya simu imeshuka na intaneti inasuasua, hana utulivu wa kutafuta gari kwenye kioo cha simu. Kijana aliyezaliwa Kariakoo hufanya kazi hiyo huku anakula. Mwambie siku tatu kabla afungue programu saa kumi alasiri, aweke uwanja wa ndege kuwa mwanzo wa safari na Mtaa wa Sikukuu kuwa mwisho, akuandikie bei anayoiona. Bei hiyo, hata kama hamtatumia gari hilo, ndiyo fimbo yenu: dereva wa teksi akitaja kiasi, utajua kama ni cha kuongeza kidogo kwa ajili ya urahisi au ni cha kumkomoa mgeni. Elewa pia kwamba bei za programu hupanda wakati wa mvua na wakati wa msongamano, na wapo madereva ambao wakishakubali safari hupiga simu kuomba nyongeza au kukutaka uifute wewe. Usiifute kwa ajili yao bila sababu, na usibishane kwa muda mrefu, iitwe nyingine.

Nieleze sasa mlango wenyewe unavyokuwa, kwa sababu ndipo watu wengi hupoteza fedha. Mkitoka na kitoroli cha mizigo, mtasikia "Mama, karibu teksi", "Anko, mjini?", na mmoja aliye mchangamfu zaidi atasema "Bolt yako mimi hapa" huku mkono wake ukiwa tayari kwenye mpini wa begi. Usimtajie jina lako. Muulize yeye: "Umeitwa na nani?" Aliyeitwa kweli atasoma jina kwenye simu yake, na asiyeitwa atacheka aende kwa abiria mwingine. Kisha linganisha namba ya gari na ile uliyotumiwa, herufi kwa herufi, kwa sababu T na tarakimu tatu za mwanzo zinaweza kufanana kwa magari mawili, tofauti ikawa kwenye herufi za mwisho. Kama mmeamua teksi ya kawaida, tazama kibao cha namba: magari ya biashara hubeba kibao cheupe na ya binafsi cha njano. Anayekuongoza kwenye gari lenye kibao cha njano lililoegeshwa mbali, huku akisema teksi yake iko matengenezo, mshukuru ubaki ulipo.

Mapatano ya bei yafanyike begi likiwa bado mkononi mwenu, na yawe na maneno manne ndani yake: gari zima, hadi mlangoni, mizigo ikiwemo, na ada ya maegesho ikiwemo. Ninayasisitiza kwa sababu yaliwahi kunigharimu. Miaka mingi iliyopita nilitua na mke wangu, nikakubaliana na dereva mmoja kwa kichwa tu, yeye akinyanyua vidole viwili na mimi nikiitikia. Tulipofika Kamata alipunguza mwendo, akaniambia kwa upole mkubwa kwamba bei ile ilikuwa ya kila abiria, na kwamba tenga la dagaa lilikuwa na nauli yake. Nilikuwa nimekwisha kuachia mzigo ukafungiwa buti, foleni imetubana mbele na nyuma, nami nikalipa. Mke wangu hunikumbusha vidole vile viwili kila nikijifanya mjuzi wa safari.

Njia ya kufuata kutoka uwanjani ni moja iliyonyooka, na ni vizuri uijue ili uwe na utulivu. Gari hushika Barabara ya Nyerere, ambayo watu wazima bado wanaiita Barabara ya Pugu, hadi Tazara, mahali penye daraja la juu la Mfugale lililozinduliwa Septemba 2018. Stesheni kubwa ya reli ya kwenda Zambia mtaiona hapo. Kabla ya daraja hilo, makutano haya yalikuwa kaburi la muda wa watu. Kutoka Tazara mnaendelea moja kwa moja kupita Veta hadi Kamata, ambapo wa Posta huendelea mbele na wa Kariakoo huingia kushoto kuelekea Msimbazi, isipokuwa mjomba amesema mwingilie Lumumba. Ikiwa mbele pamefungana, dereva anaweza kupendekeza kukata kushoto Tazara, kupita Mandela hadi Buguruni, kisha Barabara ya Uhuru na Ilala hadi Kariakoo. Hilo ni pendekezo la kweli, wala si hila, mradi bei ilikwisha kupatanwa. Akitaka kuwapeleka hadi Ubungo ili mrudi kwa Barabara ya Morogoro, kataeni, hasa siku ya mvua, kwa sababu njia hiyo huvuka bonde la Msimbazi pale Jangwani, na mafuriko yamewahi kuifunga mara nyingi.

Kuhusu kumpunguzia mama uchovu, rudi kwa aliyewakatia tiketi umwombe aandike kwamba kuna abiria anayehitaji kiti cha magurudumu. Huduma hiyo huombwa mapema, na si aibu, hata kama anatembea vizuri, kwa sababu ndege nyingi za safari za ndani huteremsha abiria kwa ngazi uwanjani, kisha kuna mwendo hadi ndani ya jengo. Dawa zake zikae kwenye mkoba wa mkononi, wala zisiende kwenye mzigo wa kukabidhi. Na kwa kuwa najua kwetu hakuna anayekwenda Dar mikono mitupu, niseme na hili: migebuka mikavu na dagaa vifungwe kwenye boksi gumu lenye tabaka mbili za plastiki, na dumu la mawese uliulizie kwa shirika la ndege kabla ya siku ya safari, kwa sababu likivuja kwenye mabegi ya wengine, au likikataliwa kaunta, mtaanza safari kwa fedheha. Kila mzigo mnaouongeza hapa unawapunguzia uhuru wa kuchagua gari kule. Wawili wenye mabegi mawili wanatosha gari lolote dogo, ila wawili wenye mabegi mawili, boksi na dumu wataambiwa wachukue gari kubwa zaidi.

Limebaki la mwisho, nalo ni dogo, lakini limewaacha watu wengi wakitafutana. Uwanja wa Nyerere una majengo zaidi ya moja ya abiria. Tangu Jengo la Tatu lifunguliwe mwaka 2019, ndege za kimataifa zimehamia huko, na za ndani kwa kawaida zimebaki katika Jengo la Pili, lile lililoanza kutumika mwaka 1984. Vijana wa Dar wakisikia "airport" siku hizi hufikiria jengo jipya, kwa kuwa ndilo linalopendeza kwenye picha. Soma kwenye tiketi yenu jengo mtakalofikia, mwandikie kijana wa mjomba namba ya ndege pamoja na jina la jengo hilo, na umwambie akishafika akupigie picha ya mahali aliposimama ili ukiwasha simu uione. Mama na mizigo vikae ndani, kwenye kivuli, wewe utoke peke yako umtafute, na mkishaonana ndipo mrudi pamoja kumchukua.